Presha Mbili za Mama

Mama alipoambiwa hospitali kuwa ana presha, hakushtuka. Aliuliza tu ni ipi, ya kupanda au ya kushuka, maana kwetu Pemba hayo ni maradhi mawili mbalimbali, na mtu hujulikana kwa lile alilonalo. Daktari akasema ya kupanda. Akampa vidonge vya asubuhi na jioni, akamtaka ajipime nyumbani nyakati hizo hizo. Mashine nikainunua mimi, tena kwa hofu. Dada yake Mama kiharusi kilimkuta jikoni anakuna nazi, na hakutamka neno tena mpaka tukamzika.

Mimi naishi Wawi, Mama yuko Ole. Kila nikimpigia simu ananiambia vipimo viko vizuri, dawa anakunywa. Jioni moja nikaenda kumwangalia. Nilimkuta anakunywa chai ya rangi iliyokorogwa chumvi badala ya sukari, na pembeni kipande cha papa mkavu wa chumvi kinachonuka mpaka barazani.

"Nini hiki, Mama?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya presha ya kushuka."

Akanieleza taratibu, kwa huruma ya mwenye elimu. Asubuhi mashine inasema juu. Usiku, akishaswali isha na kujinyoosha, inasema chini. "Basi mie nna zote mbili. Ya asubuhi naiteremsha kwa kidonge, hino ya usiku naipandisha kwa chumvi." Kidonge cha jioni alikuwa amekiacha kabisa, kwa hoja kwamba anayeshuka hasukumwi. Majirani waliafiki. Mmoja wao ndiye aliyemletea papa.

Mume wangu husema mimi hukasirika kwanza, sababu naitafuta baadaye. Siku ile sababu ilikuwepo. Nilisema maneno mengi, nikaenda kuimwaga chai uani. Mama alingoja nimalize.

"Kikombe nrejeshee," akasema. "Cha wageni hicho."

Kesho yake nikampeleka kwa daktari, binti mpole ambaye alimwamkia Mama kabla ya kugusa chochote. Akaibonyeza mashine, ikamwonyesha vipimo vyote ilivyohifadhi.

"Bibi, una moja tu," akasema. "Presha ya kila mtu hushuka anapopumzika na kulala, na kukikucha hupanda. Mapigo ya moyo nayo vivyo hivyo. Yako inapanda kupita kiasi, ndiyo maana ya vidonge vyote viwili. Lakini kule kushuka usiku ni kuzuri. Mimi namwogopa yule ambaye yake haishuki hata akipumzika."

Mama alizaliwa kisiwani Fundo, na usichana wake aliumaliza pwani akiokota chaza.

"Kumbe ni maji," akasema. "Yanajaa, yanakupwa."

"Ndiyo, bibi."

"Na mie kila usiku nkiyarejesha kwa ndoo."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nami nikacheka, kwa kuwa hofu ilinitoka palepale. Kidonge cha jioni akakirudia. Papa aliyebaki akanifungia mimi nikapike Wawi, kwa kuwa mimi sina presha. Nikampika kwa nazi, na alikuwa mtamu sana.

Baadaye nikaenda kulala kwake Ole. Tulikuwa tumeshaswali isha, nimejinyoosha mkekani, na hakuna aliyeniudhi tangu asubuhi. Mama alishamaliza kujipima.

"Lete nkono," akasema.

"Mimi wa nini, Mama? Mimi mzima."

"Nyamaza. Mashine haitaki maneno."

Ikanibana, ikaniachia. Mama akaangalia, akanipima tena. Nikamwambia imeharibika. Akajifunga mwenyewe, ikatoa kipimo chake kilekile cha mwanzo. Akanifunga mara ya tatu, na sasa hakuwa na mzaha usoni. Aliushika mkono wangu hata baada ya mashine kumaliza.

"Mwanangu," akasema, "weye hupwi."

Nimeshakwenda kwa daktari, na vidonge ninavyo. Siku hizi Mama ndiye anayenipigia simu kila jioni. Salamu hatoi, na kwetu hilo si jambo dogo. Nikipokea tu, anauliza, "Yamekupwa?"