Divine na Sindano Iliyogoma Kutoka Mwilini

Mwezi wa tisa mwaka 2014, Divine alichoka kufua. Siyo nguo za kawaida, hizo alifua kama kila mwanamke wa Kagerankanda. Alichoka kufua vitambaa vya mwezini, tena vitambaa visafi, ambavyo havijaguswa na tone la damu.

Ngoja ieleweke vizuri. Tangu mwanzo wa 2011 alikuwa anachoma sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, kwa siri, kwenye zahanati ya mbali ambako hakuna anayemjua. Mtoto wake wa kwanza, Aneth, alimzaa kwa shida, akakimbizwa Kasulu mjini juu ya baiskeli huku damu inamwagika, na aliporudi aliapa hazai tena mpaka mwili utulie. Mumewe Castory labda asingekataa. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Josephina ni mama wa jumuiya ya kanisani, rozari haitoki shingoni, na kwake sindano ile ni kukiunguza kizazi. Basi Divine akanyamaza.

Sindano ikamkatia siku zake kabisa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwenye kiwanja chao nyumba ni mbili, kamba ya kuanikia ni moja, nyuma ya bafu la nyasi. Wanawake wa pale huanika vitambaa vyao chini ya kitenge wanaume wasivione, lakini mwanamke mwenzio akikiona hicho kitenge ameshajua. Na Josephina alikuwa anaangalia. Kwa hiyo kila mwezi Divine alichukua vipande vinne vya kanga kuukuu, akavilowesha, akavifua, akavianika, akatandaza kitenge juu. Karibu miaka minne. Kuna watu wanaigiza kwenye televisheni na wanalipwa.

Novemba 2013 alichoma ya mwisho. Castory alitaka mtoto wa pili, na yeye mwenyewe alishaanza kutamani. Alidhani ni kama kuzima redio: ukiacha, umeacha. Wapi. Machi hakuna kitu, Mei hakuna kitu, Julai akaona doa la kahawia siku moja, likapotea. Badala ya damu yakaja mengine. Kichwa kilimuuma kuanzia asubuhi. Matiti yalivimba mpaka akawa anamkwepa mtoto akija kumkumbatia. Nguo zilimpwaya, tumbo likajaa gesi, na siku moja alilia nusu saa nzima kwa sababu ugali umeshika chini ya sufuria. Na bado kila mwezi anafua.

Septemba hakufua. Hakuwa na mpango wowote, mtu asimsingizie ujanja. Aliamka, akaliangalia lile beseni, akarudi kulala.

Wiki ya kwanza Josephina aliiangalia ile kamba tupu, akaendelea na kazi zake. Wiki ya pili alileta uji wa ulezi, mzito, una maziwa, akakaa pale pale mpaka bakuli likaisha. Oktoba mvua za kwanza zilipodondoka na watu wakatoka kupanda maharage, mama mkwe alilichukua jembe la Divine begani kwake, akamwambia mwana wanje, mwanangu, wewe kaa, sisi tutamaliza.

Yusta, mke wa shemeji yake, alilipia gharama hiyo kwa mgongo wake. Kila asubuhi akipita na jembe anachungulia mlangoni. Malkia ameamka? Malkia amekula? Akauliza kama malkia anahitaji mtu wa kumfukuzia nzi. Walicheka wote wawili, maana Yusta ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye pale.

Divine naye akaanza kuamini. Kichefuchefu kimeanza na anatapika, matiti yanauma, mama mkwe aliyezaa saba anasema ni mimba. Yeye ni nani abishe? Akatembea mpaka zahanati. Nesi Zuleha, mtu wa Pangani aliyepangiwa kazi huku na kulalamikia baridi kila siku, alimpima, akamwonyesha.

“Hakuna kitu, dada. Mstari ni mmoja.”

“Na huku kutapika?”

“Mwili unajifunza upya kazi uliyokuwa umeizuia. Ile dawa haitoki siku moja. Kuna anayerudi miezi minne, kuna anayemaliza mwaka na nusu. Hujaharibika.” Akaandika kwenye daftari lake bila kuinua macho. “Tena usikae unasubiri damu ndiyo uamini umerudi. Mimba inaweza kushika kabla hujaona siku hata moja. Mwaka na nusu ukipita kimya, njoo nikupe barua ya kumwona daktari.”

Maneno hayo hayo aliambiwa siku ya kwanza kabisa, 2011. Ila ukiwa umejifunika kitenge mpaka puani ili usijulikane, unasikia nini?

Aliporudi nyumbani alimkuta Josephina anapepeta mchele, amefurahi. Alikuwa ameshampigia Castory simu kule Manyovu anakopakia malori. Castory anakuja Jumamosi. Na jumuiya nzima inakuja Jumamosi hiyo hiyo, kuiombea mimba.

Mwanamke mwingine angerudi kwao, akatulia, akasubiri maneno yapoe. Divine kwao hakuna. Wazazi wake walikuwa wakimbizi Mtabila, kambi ikafungwa mwisho wa 2012, wakapandishwa kwenye malori kurudi Burundi, yeye akabaki kwa sababu ameolewa. Akifukuzwa pale anaenda wapi? Kule kambini kwenyewe zimebaki nyasi.

Alimsimulia Yusta yote, kuanzia sindano ya kwanza. Yusta alisikiliza mdomo wazi, kisha akampa njia. Ijumaa ajifungie ndani, akunje uso, aseme imetoka. Watu watampa pole, mchele utaliwa, kesi imekwisha.

Ilikuwa rahisi kweli. Alilala na wazo hilo siku tatu. Lakini kila alipolizungusha aliona kinachofuata: atakuwa mwanamke ambaye mimba zinamtoka, Josephina atamtafutia mizizi ya kunywa, na yeye atalazimika kukumbuka uongo mpya juu ya ule wa zamani. Tena afue vitambaa, safari hii vya mimba isiyokuwepo. Hakuwa na nguvu hizo. Hapo siyo ushujaa, ni uchovu tu. Watu wengi wanasema ukweli kwa sababu wamechoka.

Castory alifika Jumamosi mapema na vitenge viwili na sabuni ya Burundi. Divine alimwambia kabla hajavua viatu, wakiwa wawili tu chumbani. Alisema yote kwa mkupuo mmoja.

Castory alikaa kitandani.

“Miaka mingapi?”

“Mitatu ya sindano. Na huu wa kusubiri.”

“Na vile vitambaa? Mimi mwenyewe nimewahi kupita pale nikaona kitenge.”

“Nilikuwa nafua visafi.”

“Visafi,” Castory akasema. “Kwa hiyo nikirudi huku nimechoka, ukaniambia usinisogelee niko mwezini…”

“Ilibidi.”

Pale alikasirika. Hakupiga kelele, ila alimwambia kwamba angeweza kumuua mtu kwa hasira aliyokuwa nayo, na kwamba angemwambia tu tangu mwanzo angemsindikiza mwenyewe hiyo zahanati, kwani siye yeye aliyeisukuma ile baiskeli? Divine alisema ndiyo, ni wewe. Hakujitetea zaidi. Baadaye Castory akauliza kama inauma. Ipi? Hii ya sasa, mwili kukataa. Akajibu inachosha.

Kwa Josephina walienda wote wawili, lakini aliyesema ni Divine. Mama mkwe alikuwa anachambua mawe kwenye mchele. Hakuacha. Vidole viliendelea kutupa mawe pembeni mpaka mkwewe akamaliza, na hapo ndipo alipoongea.

“Wiki tatu nimekulimia.”

“Ndiyo, mama.”

“Mgongo huu.”

“Nisamehe, mama.”

“Nenda kaoge. Watu wanakuja.”

Basi. Jumuiya ikaja, watu kumi na saba, wakajibana sebuleni. Divine alipiga magoti karibu na mlango, akihesabu hatua za kutokea nje. Mzee Leonidasi, mwenyekiti, alifungua kitabu chake na kumuuliza mama mwenye nyumba nia ya sala leo ni ipi. Nusu ya waliokuwepo walishajua, au walidhani wanajua, na macho yakaanza kwenda kwenye tumbo la mkwe.

Josephina alikohoa. “Mvua,” akasema. “Maharage yako ardhini. Tuombee mvua.”

Leonidasi akamtazama kidogo, kisha akaomba mvua.

Usidhani walikumbatiana baada ya hapo. Josephina alinuna karibu mwezi mzima. Uji haukurudi. Lakini hakumwambia Divine afungashe, na palizi ilipoanza alimpimia mistari yake shambani sawasawa na Yusta, bila kumpunguzia hata mmoja. Yusta alisema malkia amepinduliwa.

Damu ilikuja mwisho wa Novemba, katikati ya mstari wa pili, nyingi, na maumivu ya kumkunja kiuno. Divine alichuchumaa pale kwenye maharage kama dakika tano. Hakucheka wala hakulia. Akamwomba Yusta simu, akapanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia Castory.

“Zimekuja,” alisema.

“Nini zimekuja?” Nyuma yake injini ya lori ilikuwa inanguruma.

“Siku zangu.”

“Ni vizuri au siyo vizuri?”

“Vizuri.”

“Haya. Ni za kweli lakini?”

“Za kweli, Baba Aneth. Zinaniua.”

“Basi pumzika,” alisema. “Niko juu ya lori. Nakuja tarehe kumi.”