Mshubiri Uliolala Chini ya Jembe Langu

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana hapa kambini kila mtu ana namna yake ya kuisimulia, na kila namna inanifanya mjinga kuliko nilivyokuwa, ingawa nilikuwa mjinga wa kutosha.

Kule Kongo nilifundisha biolojia miaka kumi na minne. Huku Zambia diploma yangu inalala ndani ya mfuko wa plastiki, nalima mihogo, na jina la Mwalimu naitwa kwa huruma tu. Basi, wakati wa mvua niliona mshubiri wa porini juu ya kichuguu, nje ya Nchelenge upande wa barabara ya Mununga, majani mapana laini na maua mekundu, nikaupiga picha, na picha ikapita simu kwa simu mpaka ikamfikia Daktari Bwalya, mama mmoja mtafiti wa mimea (si daktari wa sindano). Akanipigia, akasema atakuja kiangazi aone mmea ule unavyopita ukame, na kama kweli nayajua mambo ya mimea, atanichukua niwe msaidizi wake msimu mzima. Msaidizi! Niliwatangazia watu wote, hata wasioniuliza.

Kiangazi kikafika, na asubuhi ya siku ya kuja kwake nikatangulia na jembe nisafishe njia. Mmea hakuna. Jani hakuna, ua hakuna, majivu tu ya moto wa porini. Hapo ndipo nikaamua kajambo kadogo (kadogo!): nikarudi mbio mpaka nyuma ya nyumba ya jirani yangu Mama Furaha, ambaye kama akina mama wengi hapa ana mshubiri wa kukatia vipande kwenye maji ya kuku ili ugonjwa usiwamalize, nikaung'oa, nikakimbia nao kichuguuni, nikachimba palepale, jembe likakata kitu kama kitunguu kikubwa, nikakitupa pembeni, nikapanda, nikanyunyiza majivu juu. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Gari la Daktari lilipofika, nusu ya kambi ililifuata, na Mama Furaha akiwa mbele. Daktari alikulia Kashikishi, ambako mama yake aliwauzia Wakongomani samaki, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Akachuchumaa.

"Mwalimu, hii iko na madoa nyeupe, na shina. Ile ya picha haina."

"Kiangazi inabadilika, Daktari," nikasema (mimi, wa miaka kumi na minne!).

"Na majani inajikata yenyewe na kisu?"

Watu wakacheka. Mama Furaha akasogea, akainama kuutazama, akainuka na kushika kiuno.

"Eh! Hii njo alovera yangu! Tangu asubuyi natukana mbuzi ya batu, kumbe ni Mwalimu! Muangalie, manyoya ya kuku ingali mu mizizi!"

Nilitamani kichuguu kinimeze. Daktari hakucheka. Aliokota kile kitunguu nilichotupa, vipande viwili, akavifuta vumbi kwa kanga yake taratibu kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Kiangazi majani inakufa yote, mmea inalala chini, ndani ya hii. Ndiyo nilikuja kuona."

Ulikuwepo, jamani. Ulikuwa umelala tu, na mimi, mtu wa biolojia, ningemuuliza neno moja kwenye simu angenieleza, lakini niliogopa kuonekana sijui. Niliukata kwa mkono wangu ili nipande uongo mahali pake.

Kisha akamgeukia Mama Furaha: ameutambuaje mmea wake mara moja? Yule mama akamwonyesha jani kwa jani, lipi la zamani, lipi la juzi, upande gani unatoa watoto. Daktari akatoa daftari na kuandika jina. Si langu.

Iliniuma na bado inaniuma, sitawadanganya. Nimeapa kwamba nikiulizwa nisilolijua nitasema sijui, hata mbele ya watu elfu, lakini tangu siku ile hakuna aliyeniuliza kitu. Mama Furaha wiki hii yuko kule Puta na Daktari, wanatafuta mshubiri mwingine kama ule nilioukata. Ameniachia mshubiri wake, ameurudisha mahali pake, na kila asubuhi ninakata vipande vyake na kuvitia kwenye maji ya kuku wake. Alinionyesha mwenyewe pa kukata.