Ua la Bega la Kulia

Puttagauri hakulala hata usiku mmoja bila kuamka kusikiliza pumzi za bintiye. Sumangala alikuwa na pumu tangu utotoni, na mama, ambaye mchana kutwa alimenya popoo, zile kokwa za kutafuniwa tambuu, kwenye maghala ya mji wa Sagara, aliweza kuisikia inavyoanza hata mvua ikipiga bati.

Asubuhi hiyo binti alikuwa apande treni kwenda mji wa Mysuru kusomea uuguzi. Lakini mama alikuwa ameshikilia neno lake: kwanza wapite hekaluni, wamuulize mungu mama. Kuhani aliloweka maua mawili ya asumini akayabandika kwenye mabega ya sanamu. La kulia likitangulia kuanguka, Sumangala aende. Likitangulia la kushoto, warudi nyumbani.

Wakaketi sakafuni watatu: mama, binti, na wifi yake mama, Lalitavva, aliyekuja kusaidia kubeba kapu.

Moshi wa ubani ulipanda taratibu. Mwanga wa taa ya mafuta ulitembea juu ya jiwe jeusi, kifua cha mungu kikawa kama kinapanda na kushuka. Puttagauri akaona kama hakuna treni, hakuna Mysuru. Sumangala ni kichanga, amelala mapajani mwake, na mvua haina mpango wa kukatika.

“Wifi,” Lalitavva akanong'ona, “leo mungu hana haraka. Au kapitiwa na usingizi?”

“Shika adabu! Tuko mbele yake.”

“Ananijua huyu. Angekuwa mtu wa hasira, ningeshakufa zamani.”

Kuhani alijifanya hakusikia, ila masharubu yake yalitikisika.

Sumangala hakusihi wala hakununa. Alikaza macho kwenye lile ua la kulia, mikono imekumbatia magoti.

“Pumua, mwanangu.”

“Napumua, mama.”

“Hupumui. Nakuona.”

“Basi lianguke tu, mama. Hata la kushoto. Kungoja huku ndiko kunakonibana.”

Honi ya treni ikalia mbali, upande wa mashamba. Maua yametulia palepale. Puttagauri akashtuka kujikuta amesimama, begi la binti limo mkononi mwake.

“Twende. Utaikosa.”

“Na jibu, mama?”

“Twende, nimesema.”

Walikuwa mlangoni wanatafuta viatu wakati Lalitavva, aliyerudi nyuma kuchukua kapu, alipopiga ukelele:

“Wifi! Limeanguka!”

Sumangala akageuka. Mama akamshika mashavu kwa viganja viwili, akamrudisha uso mbele.

“Upande gani, shangazi?” binti akauliza hivyohivyo, mashavu yamebanwa.

“Usimjibu!” mama akasema. “Lalitavva, ukifungua mdomo huo, kwangu huli tena.”

Wakakimbia kuelekea stesheni, ukungu wa asubuhi ukiwafunika na kuwafunua, na Lalitavva nyuma yao, kapu kichwani, ameziba mdomo kwa ncha ya sari.