Kufuli la Seva Binafsi

Miaka ile ya soko huria, kila mtu Songea akifungua duka, mimi nilijifanya mtaalamu wa intaneti. Nilikodisha nafasi za kuweka tovuti kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa Ulaya, ambayo mwenyewe sijawahi kuiona hata kwa picha. Wenzangu waliziita "seva za kushea". Nilikuwa nawakaripia! Kwangu zilikuwa "seva binafsi", na niliandika hivyo mlangoni kwa rangi nyekundu.

Akaja mama mmoja wa Matogoro, mfanyabiashara wa kahawa aliyetaka wateja wa nje. Nikamweleza kwa mbwembwe: ni kama nyumba ya kupangisha, mashine moja, vyumba vingi, kila mpangaji na chake. Akaelewa upesi. Kesho yake akaja na kufuli jipya, kama mpangaji yeyote anayehamia.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia kule hakufungwi kwa kufuli, kunafungwa kwa neno la siri.

"Nani mwingine analijua?"

"Mimi tu, mama."

Akarudisha kufuli mkobani. "Basi hujanipangisha, mwanangu. Umenikaribisha tu."