Nguzo Kumi na Mbili Zisizo na Dawa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, nilifika kwenye karakana moja ya useremala huko Kizwite kuanza kazi. Fundi Mkuu, mtu wa Mbeya aliyehamia Sumbawanga akiwa kijana, hakuniuliza cheti, na ilikuwa heri kwangu kwa sababu sikuwa nacho. Alinipa msumari wa inchi nne na nguzo kuukuu iliyong'olewa kwenye uzio huko Mazwi, akasema nichome popote ninapotaka. Nilichoma juu, msumari ukagoma. Nilichoma mwisho wa chini, uliokuwa umezikwa, ukagoma pia. Lakini pale nguzo ilipokuwa inatokea ardhini, msumari ulizama wote kama umeingia kwenye ugali.

"Weka hilo kichwani, ndugu," akaniambia. "Nguzo haianzi kufa chini wala juu. Inafia kiunoni, pale unyevu na hewa vinapokutana."

Sikukiamini kichwa changu kutunza mambo. Jioni nilinunua daftari.

Tulijenga vibanda vya bustani, vichanja vya pasheni na vivuli vya kukaa. Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme, zilikuwepo, ila zilitoka mbali na bei yake iliwashinda wateja wengi. Wengine hawakutaka dawa karibu na mboga zao. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini nilifanya kazi na miti isiyo na dawa, na kuichagua ndiyo nusu ya ufundi wenyewe.

Ukikata mti utaona sehemu mbili. Pembeni, chini ya gome, kuna sehemu nyeupe iliyokuwa inapitisha maji mti ukiwa hai. Ndani kuna kiini, chenye rangi nzito zaidi. Sehemu nyeupe huliwa na mchwa na kuoza, kiini huvumilia. Mkaratusi mchanga ni mweupe karibu wote, ndiyo maana humaliza misimu miwili ya mvua tu. Mkaratusi mzee wenye kiini chekundu hufika misimu saba au nane. Mpaina usiuzike ardhini kabisa. Bora kuliko yote ni mti uitwao mwanga, unaoota kwenye miombo kule chini ya uwanda wetu. Kiini chake ni kigumu hata keekee ya kutobolea hutoa moshi. Lakini mwanga ulihitaji kibali cha kukata na kingine cha kusafirisha, na Bwana Misitu wa wakati wangu aligonga kila gogo kwa nyundo yenye alama ya serikali. Gogo lisilo na alama lilibaki kwake.

Nyuma ya karakana nilizika vipande vya majaribio. Kilichobaki na gome kilikuwa cha kwanza kwisha, kwa kuwa gome hutunza unyevu na kuwapa wadudu kivuli. Kilichochomwa moto kwenye ncha, kama wazee wengi walivyofanya, kilidumu sawa na ambacho hakikuchomwa. Oili chafu ya magari ilibaki juu juu pale mti ulipokuwa mbichi. Kilichomenywa na kukaushwa kivulini miezi sita, kikiwa juu ya mawe, ndicho kilichodumu. Nilijiona nimejua.

Mwaka wangu wa tano Fundi Mkuu alinipeleka peke yangu kwenye nyumba moja ya masista nje ya mji, kujenga kibanda kikubwa katikati ya bustani. Kilihitaji nguzo kumi na mbili. Sista Msimamizi alisema mapema kwamba hataki dawa wala oili karibu na kabichi zake. Nilichagua mikaratusi mizee, nikaimenya, nikaikausha, nikakata vichwa vyake mshazari ili maji yasitulie. Nikachimba mashimo, nikazika, nikashindilia. Mabibi wa vijiji vya jirani wakaanza kukaa humo kupukuchua maharage ya masista.

Baada ya msimu wa pili wa mvua niliitwa. Sista alikuwa amesukuma nguzo moja kwa kiganja na paa lote likacheza. Nilitoa msumari wangu. Nguzo tano kati ya kumi na mbili zilikuwa zimeliwa kiunoni.

Nilianza kumweleza habari za kiini na sehemu nyeupe. Bibi mmoja aliyekuwa na ungo wake wa maharage aliniacha nimalize. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akainama kwenye shimo nililofukua kuichunguza nguzo, akachota udongo.

"Huu si udongo wa ntumba?" akauliza.

Ntumba ni yale matuta ya mviringo tunayolima Ufipa. Tunafukia majani chini ya udongo, yanaoza, kisha tunapanda juu yake. Bustani ile ilikuwa shamba la zamani, na mimi Mfipa niliyekulia kwenye ntumba nilikuwa nimekusanya udongo ule mweusi, laini, nikajazia mashimo yote kumi na mawili. Kwetu huo ndio udongo mzuri. Haikunijia hata kidogo kwamba nawatandikia mchwa majani kuzunguka nguzo.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "ulikuwa unapanda nguzo au unapanda mahindi?"

Wenzake walicheka mpaka maharage yakamwagika. Sista hakucheka. Alisema Jumapili wazazi wa masista wanakuja, na kibanda kile hakitamwangukia mama wa mtu. Alinipa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo angekibomoa na kuagiza nguzo za dawa kwa gharama ya karakana yetu. Ilikuwa Jumatatu.

Fundi Mkuu alisikiliza habari yote akiwa anapiga randa, bila kuinua macho. "Kikibomolewa, Ijumaa hiyo usirudi hapa," akasema.

Nililiinua paa kwa miti ya kuegemeza, nikakata kila nguzo juu ya sehemu iliyooza. Nilizikata zote kumi na mbili, hata zile saba nzima, kwani udongo wao ulikuwa ule ule. Niling'oa vipande vilivyobaki ardhini, na mashimoni nilimwaga zege juu ya kokoto, nikalipandisha hadi kimo cha shubiri juu ya ardhi, uso wake ukiwa na mteremko wa kutoa maji. Ndani ya zege nilisimamisha vyuma bapa viwili kwa kila nguzo, na nguzo nikaikamatisha kati yake kwa bolti, ikiwa imeachana kidogo na zege. Nguzo isiyozikwa haina nguvu ya kusimama peke yake, kwa hiyo kila pembe niliitia mkono, yaani kipande cha mshazari kutoka nguzo hadi boriti.

Ijumaa saa tisa alasiri Sista aliweka viganja viwili kwenye nguzo ya pembeni akasukuma kwa mwili wote. Paa lilitulia. Akasema, "Haya, fundi, toa sasa hiyo miti yako ya kuegemeza." Ndiyo shukrani pekee niliyoipata, na ilitosha.

Niliacha kazi mwaka juzi, mgongo ulipokataa kuinama. Vijana wananiuliza nguzo ipi inadumu. Nawauliza kwanza itasimama kwenye nini, maana mimi nilichunguza mti miaka mitano na sikuwahi kuchunguza shimo. Kibanda kile bado kinakaliwa, kwa nguzo zile zile. Saruji, kokoto, vyuma na bolti Fundi Mkuu alivikata kwenye mshahara wangu kwa miezi minne, bila kunipunguzia senti: jumla shilingi elfu themanini na sita na mia tano.