Mkunga wa Panya Arobaini

Saa moja na nusu asubuhi, mama mmoja mwenye koti jeupe na kandambili za plastiki amesimama mlangoni mwa chumba cha panya katika kituo cha utafiti, anamnusa mgeni wake kama anayekagua samaki sokoni.

"Umejipaka nini?" anauliza.

Sabuni tu, mgeni anajitetea.

"Sabuni ya maua hiyo. Rudi ukanawe. Humu ndani hakuna harusi."

Mgeni huyo, mwandishi wa makala hii, ananawa mara tatu ndipo anaruhusiwa kuingia. Ndani kuna vizimba arobaini vya plastiki, vimepangwa kwenye rafu, na katika kila kimoja kuna panya jike mweupe, mdogo wa kutosha kiganjani. Kazi ya mama huyu ni kuwalisha, kuwabadilishia maranda ya mbao wanayolalia na, leo, kuhesabu nani kazaa na nani hakuzaa. Wenzake wamembandika jina la Mkunga, na limeganda.

Hesabu yenyewe si mchezo. Panya hawa wamo kwenye utafiti wa chanjo ya klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao mara nyingi hauoneshi dalili yoyote huku ukiziba mirija ya uzazi taratibu. Nusu yao walichanjwa, nusu hawakuchanjwa. Wote wakaambukizwa, baadaye wakapandishwa na madume. Kama chanjo inafanya kazi, waliochanjwa watazaa.

Vizimba vina kadi za kijani na za njano, ishirini kwa ishirini, lakini Mkunga hajui rangi ipi ni ya chanjo. Hata daktari anayeongoza utafiti hajui. Siri imo kwenye bahasha iliyofungwa, ofisini kwa mkuu wa kituo.

"Na sitaki kujua," anasema. "Nikijua nitaanza kupendelea. Mimi nina huruma za ovyo. Hata majina siwapi hawa, maana wengine hawatatoka hai kwenye utafiti, na mimi machozi yangu yako karibu."

Huruma hizo ndizo zilizomponza mwaka jana. Siku ya kwanza ya uzazi alisikia vilio vyembamba, furaha ikampanda kichwani, akafungua kizimba kimoja baada ya kingine kuchungulia watoto. Hakuandika chochote. Mikono yake ilikuwa inanukia losheni mpya, zawadi ya mumewe.

Kesho yake, vizimba kumi na kimoja havikuwa na mtoto hata mmoja. Mama zao walihisi harufu ngeni, wakawala watoto wao. Haikujulikana tena nani alikuwa amezaa na nani hakuzaa kabisa.

"Hakuna aliyeniona," anasema. "Ningeweza kunyamaza, panya hawatoi ushahidi. Lakini chai ilikataa kushuka. Nikaenda kwa daktari nikamwambia, ni mimi."

Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miezi minane ya kazi ilikuwa imekwenda na maji. Mwishowe akasema, "Mama, tunaanza upya. Ila fungu la fedha lililobaki ni la mara moja tu. Hakuna ya tatu."

Kwa nini furaha ilimpanda vile siku ile? Mkunga anacheka, kisha kicheko kinakatika. Mdogo wake wa kike aliugua klamidia bila kujua. Alipokuja kupimwa, mirija ilikuwa imeshaziba.

"Miaka sita alizunguka hospitali hii na ile, watu wakimsema. Dawa ipo, tena vidonge tu, lakini lazima ujue kwamba unaumwa. Yeye angejuaje? Nilipomuuliza kama nikutajie habari zake, akaniambia, 'Dada, sema. Wasikie.'"

Leo ni siku ya tatu tangu uzazi ukamilike. Mkunga anachota maranda ya kizimba cha kwanza, anajisugua nayo viganja ili anuke kama nyumbani kwao, ndipo anafunua kiota kwa kibano. Kila kizimba anafanya hivyo hivyo, na anaandika kabla ya kugusa kingine. Huko koridoni, daktari anakwenda na kurudi akitafuna kifuniko cha kalamu.

"Daktari, kaa kitini! Unanitetemeshea wazazi."

"Nimekaa, mama."

"Umekaa huku miguu inatembea?"

Hesabu inachukua saa mbili. Kadi za njano: waliozaa kumi na saba. Kadi za kijani: sita. Mkunga anahesabu upya daftari lake, anakabidhi, na hashangilii bado. Maana kama njano ndio wasiochanjwa, chanjo imeharibu badala ya kukinga, na kazi yote imekwisha.

Ofisini, mkuu wa kituo anatafuta miwani. Iko kichwani mwake. Anaichana bahasha, anasoma, anasoma tena.

"Njano," anasema. "Njano ndio waliochanjwa."

Mkunga anajiziba mdomo kwa mikono miwili ili kelele zake zisiwafikie panya, na machozi yanapita juu ya vidole. Daktari anamkumbatia, anamwachia, anamkumbatia tena.

Baadaye daktari anatuliza mambo. Panya si watu. Watafuata nguruwe, kisha watu wa kujitolea; mambo yakienda sawa, labda miaka kumi. Mkunga ameshaomba mafunzo ya kutunza nguruwe. "Nasikia wanauma," anasema. "Tutaelewana tu."

Simu ya kwanza anampigia mdogo wake. "Wamezaa, mdogo wangu. Kumi na saba!" Upande wa pili zinalipuka kelele za furaha zinazosikika hadi dirishani.

Mkunga ana binti wa miaka minne. Ameshapiga hesabu: miaka kumi ijayo atakuwa na kumi na minne.

"Nataka achomwe sindano hiyo, alie kidogo, jioni awe ameshaisahau," anasema. "Asijue kabisa kwamba kuna kitu watu walikuwa wakikiogopa. Na mama yake mdogo kashaniambia nisihangaike kuomba ruhusa kazini siku hiyo. Yeye ndiye atakayempeleka, na yeye ndiye atakayemshika mkono."