Mstari Chini ya Njoo

Rolande Michaud alikuwa na mdomo, hilo mtaa mzima kule Lowell ulilijua, lakini vidole vyake vilikuwa na mdomo zaidi. Mchana kutwa alikaa kwenye ofisi ya kampuni ya malori, mbele ya ile mashine ya kutuma maandishi kwa waya, akiwapigia watu wa tawi la Bangor habari za mizigo: lori gani limetoka, lipi limekwama kwenye theluji, dereva gani kalewa tena. Mashine ilipiga kelele kama cherehani iliyopandwa na mashetani, na yeye aliipenda hivyohivyo.

"Rolande, punguza!" Bwana Haskell, bosi wake, alikuwa akifoka huku kashika simu.

"Nipunguze nini, bosi? Mashine haijui kunong'ona!"

Upande wa pili wa waya, Bangor, alikaa Fernand Cyr, mgane, mpole. Mizigo ikipungua walipiga soga kwa maandishi. Walianza na hali ya hewa, wakaja kwenye pai za nyama za mama zao, wakaishia kwenye upweke. Hawakuwahi kuonana.

Sasa, mashine zile zilikuwa na tabia yake. Kitufe kimoja kilirudisha kichwa cha kuchapa mwanzo wa mstari, kingine kilisogeza karatasi ili mstari mpya uanze. Vilikuwa vitufe viwili mbalimbali, na wapigaji wa zamani walijua ujanja: ukirudisha kichwa bila kusogeza karatasi, unachapa palepale ulipokwisha kuchapa. Ndivyo walivyopiga mstari chini ya neno. Kati ya Rolande na Fernand mstari ule ulikuwa kiapo. Neno lenye mstari limetoka moyoni, lisilo nao ni porojo tu.

Jumatatu moja ya Machi, ofisi zikikaribia kufungwa, Fernand akaandika kwamba Ijumaa anastaafu. Binti yake anamwita akaishi naye Florida, na chumba keshamtayarishia. Halafu likaja hili: NIENDE FLORIDA AU NIJE LOWELL? Na chini ya Lowell, mstari.

"Mama yangu!" Rolande akashika kifua. Doris wa meza ya jirani akaja mbio, akasoma juu ya bega lake.

"Makubwa! Si umjibu basi!"

"Nimjibu saa hii anione nina njaa? Asubiri mpaka asubuhi."

Asubuhi alikuja ofisini kajipaka rangi ya mdomo, utadhani waya una macho. Akaandika NJOO. Akarudisha kichwa mwanzo, akapiga vistari taratibu, kimoja chini ya kila herufi. Kwenye karatasi yake neno lilikaa vizuri, limependeza. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa moja tu: SAWA.

"Sawa?" Rolande aliwaka. "Mwanamume unamwita aje maishani mwako, anakujibu sawa? Kwani nimemwambia lori limefika?"

"Labda anaona haya," Doris akasema.

"Haya zake akazianike Florida!"

Basi kuanzia hapo hakumwandikia tena ila mizigo. Aliumia, tusidanganyane. Alijifungia chooni akalia, akatoka na pua nyekundu akisingizia mafua.

Ijumaa asubuhi mafundi wakaingia na mashine mpya. Haikuwa na karatasi. Ilikuwa na kioo kama cha televisheni, na kialama cha mwanga kilichopepesa pale herufi inayofuata itakapokaa.

"Wenzenu wa Bangor wanayo tangu Jumanne asubuhi," fundi akasema. "Haina kelele hata kidogo. Jaribu, mama."

Rolande akaandika HASKELL. Kwa mazoea akarudi mwanzo wa mstari, akapiga vistari. Kile cha kwanza kikaimeza H. Cha pili kikaimeza A. Karatasi inabeba herufi na kistari mahali pamoja bila ugomvi, lakini kioo kile kilikuwa na nafasi ya kimoja tu, na kinachokuja kinakifukuza kilichopo. Mwisho pakabaki mstari mtupu.

Doris alicheka mpaka akashikilia meza. "Umemfuta bosi!"

Rolande hakucheka. Aliukazia macho ule mstari mtupu. "Doris, kaniona nafuta."

"Nani kakuona?"

"Fernand! Jumanne! Kaona nimeandika njoo, halafu kaona nalifuta, herufi moja moja, mbele ya macho yake!"

Hakutaka tena kuiamini mashine yoyote yenye herufi. Alikwenda akainyakua simu mkononi mwa Bwana Haskell, bosi mwenyewe akiwa katikati ya maongezi. "Samahani, bosi, huyo atapiga tena."

Akapiga Bangor. Msichana aliyepokea alisema Fernand keshavaa koti, yuko mlangoni anaagana na wenzake.

"Mlete! Mwambie ni Rolande! Mvute hata kola!"

Akasikia simu ikishikwa, na pumzi. Miaka yote ile hakuwahi kuisikia sauti yake. Kila alipomwambia apige simu, Fernand alikuwa na udhuru.

"Fernand, sikufuta! Ni hicho kioo chenu! Mimi nilipiga mstari, chenyewe kikala neno. Nilisema njoo. Unanisikia? Njoo!"

Ikaja sauti nyembamba: "Na-na-na..." Neno likakwama. Akavuta pumzi, akaanza upya, likakwama palepale.

Rolande akaelewa kwa nini mwanamume yule alikuwa akiishi kwenye waya, na machozi yakamtoka asiyafute. Doris alimwona akifungua mdomo kumsaidia, kisha akaufunga. Bwana Haskell akanyoosha mkono kudai simu yake, akachapwa kofi kiganjani.

"Polepole, mpenzi," Rolande akasema. "Sina pa kwenda. Nakusikiliza."

Doris akasogea, akatega sikio.

"Na-na-nakuja," Fernand akasema.